Mzee Sekunde na Ini Lililotoka kwa Hiari

Wafiwa wenzetu, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa mtaa huu, na ninyi wafanyakazi wenzake wa machinjio na wa maabara mliosimama kule nyuma, familia inaomba mkae kama mtapata pa kukaa, kwa sababu historia hii ina urefu wake, na mwenye nayo aliagiza isikatwe mahali popote. Aliagiza hivyo tarehe 20 Agosti mwaka huu wa 2021, akiwa kitandani, mbele ya watoto wake watatu, akasema, "Siku mkinisoma msinipake sukari, nimekuwa nayo ya kutosha." Wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwamba hatanii. Kwa hiyo atasomwa alivyokuwa. Na kwa kuwa tangu Ijumaa kuna maneno yanazunguka mtaani, kwamba mzee anazikwa akiwa amepungukiwa kitu ndani ya mwili, na wengine wanauliza ni nani aliyethubutu, familia inasema mapema kwamba ni kweli, ini lake lilikatwa, na habari ya nani aliyeruhusu na kwa nini ndiyo hii mtakayoisikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 1952, katika chumba cha pili cha zile nyumba ndefu za wafanyakazi wa machinjio, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wake, na mdogo wake wa pekee ndiye baba mdogo mnayemwona hapa mbele. Baba yao alikuwa mchinjaji wa zamu ya alfajiri, na asubuhi ile alifika nyumbani na aproni yenye damu mbichi, mkunga akamsukuma nje kwa goti akimwambia, "Hapa damu ipo ya kutosha, baba, hiyo yako kaoshe kwanza," ndiyo maana marehemu alipenda kusema kwamba yeye na damu walifahamiana tangu siku ya kwanza.

Malezi yake yalikuwa ya mkanda. Mwaka 1959, akiwa na miaka saba, aliangusha beseni la utumbo uliokwisha kuoshwa, baba yake akampiga kofi moja upande wa kushoto, na sikio hilo halikusikia tena mpaka kifo, kiasi kwamba watu wote waliomjua walijifunza kumzungukia upande wa kulia wakitaka jambo lao lifike. Hakuwahi kumlaumu mzazi wake kwa sauti. Alichosema ni kwamba mtu mwenye sikio moja huchagua cha kusikia, na hilo, wapendwa, lilikuja kumgharimu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960, katika shule ya msingi iliyokuwa imepakana na kiwanda cha ngozi, akamaliza darasa la saba Novemba 1966, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa tabia, kama ilivyoandikwa kwenye cheti ambacho mkewe amekihifadhi mpaka leo. Kiranja mmoja alikuwa na mchezo wa kumwendea upande wa kushoto na kumtukana huku wenzake wakicheka, siku marehemu alipogundua wanacheka nini aligeuka mara moja tu, na kiranja akaokota meno mawili. Mwalimu mkuu alimchapa viboko kumi na viwili, naye akavihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, bila kukosea.

Tarehe 9 Januari 1967 aliajiriwa machinjioni kuosha matumbo, na mwaka 1970 akakabidhiwa kisu. Waliofanya kazi naye wanajua kwamba mkono wake haukuwa wa kawaida. Ini la ng'ombe limejificha juu kabisa chini ya mbavu, limeshikwa na mishipa minene, na nyongo imelala pembeni yake, ikipasuka imeharibu kila kitu, lakini yeye aliingiza vidole viwili nyuma na kisu kimoja mbele, na kabla mwenzake hajamaliza kusema "angalia nyongo," ini lilikuwa tayari kwenye sinia likitoa mvuke. Alilipapasa kwa dole gumba akatoa hukumu. Ini zima, alisema, linakisukuma kidole kirudi, ini lenye mafuta linakimeza.

Tarehe 4 Agosti 1971 dume moja ambalo halikuwa limefungwa vizuri lilimpiga pembe chini ya mbavu za kulia, likamwinua na kumbamiza ukutani, akaanguka ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, na daktari aliyemshona alimwambia kwamba pembe ilipita nusu kidole kutoka kwenye ini. Alikaa hospitali wiki tano. Siku aliyorudi kazini aliuliza kwanza lile dume lilichinjwa na nani, na alipoambiwa ni mdogo wake, akatikisa kichwa akasema, "Angalau limebaki kwenye ukoo."

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona aproni za machinjio, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu, ambaye aliwahi kumrudishia aproni iliyochanika akimwambia kwamba yeye anashona nguo, hashoni magomvi. Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza, mwanamume, alizaliwa mwaka 1978, naye ni fundi wa kuchomelea vyuma, wa pili, mwanamke, alizaliwa mwaka 1982, naye alirithi cherehani ya mama yake, na wa mwisho alizaliwa mwaka 1995 wakati hakuna aliyekuwa akimtarajia, naye ni mama wa mtoto mmoja.

Mwaka huohuo wa 1978, mwezi wa Juni, msimamizi wa machinjio alimzaba kofi kwenye sikio lililobaki zima. Mzee hakurudisha kofi. Alimkamata msimamizi kwa mkanda wa suruali, akamwinua, akamtundika kwenye ndoano ya reli ya nyama, akasukuma, na msimamizi akasafiri akipiga mateke kati ya nusu za ng'ombe mpaka mwisho wa ukumbi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Marehemu alifukuzwa kazi kabla ya saa sita mchana.

Aliishi kwa vibarua vya kukata nyama kwa muda wa miaka miwili na nusu, mpaka siku alipofika machinjioni mtafiti mmoja kijana, mwanamke mwenye miwani, akiuliza ni nani anayeweza kutoa ini kwa haraka kuliko wote, na wale jamaa wakamjibu, "Mama, unayemtafuta tumemfukuza." Ndivyo marehemu alivyoanza kazi ya maabara, siku ya Jumatatu, tarehe 2 Februari 1981. Mtafiti huyo tulizoea kumwita Mama Panya, hakuchukia, na yupo hapa leo.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, kwa sababu bila hiyo mwisho wa habari hii hautaeleweka, na marehemu alikuwa akiieleza vizuri kuliko wenye shahada. Mtu akila, alisema, sukari inajaa kwenye damu, na kongosho linatoa insulini. Insulini inakwenda kugonga kwenye chembe za ini, na ikigonga inatoa amri mbili kwa wakati mmoja, ya kwanza ni acha kutengeneza sukari, ya pili ni anza kutengeneza mafuta. Ndani ya kila chembe kuna jeni, ambazo ni kama maagizo yaliyoandikwa na kukunjwa, na zile za mafuta hulala wakati wa njaa, lakini insulini ikigonga inaiamsha swichi moja kubwa, na swichi hiyo inazifungua zote, zinasomwa, na ini linaanza kupika mafuta. Kazi ya Mama Panya ilikuwa kujua amri inapita wapi. Shida yake ni kwamba ujumbe unaotoka kwenye jeni unaharibika upesi sana mnyama akishakufa, kwa hiyo ini lilipaswa kutoka mwilini na kuzama kwenye ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, yenye baridi ya kuvunja kidole, kwa hesabu isiyozidi kumi na mbili.

Basi alisimama kwenye meza ya chuma, kwenye chumba chenye vigae vyeupe, kasha la panya walioshinda njaa likiwa kushoto na la panya walioshiba likiwa kulia, akamshika mmoja kwa shingo, kisu cha kushuka kikashuka, kichwa kikabaki huku, mkasi ukapita tumboni, ini likatoka lina joto, likatumbukia kwenye ndoo, likafoka. Moja, mbili, tatu, alihesabu kwa sauti, na mara nyingi alimaliza kwenye kumi. Mara moja tu alimaliza kwenye tisa, akapita vyumba vyote akiwaambia watu. Wenzake ndio waliompa jina la Mzee Sekunde, akiwa bado hajafika miaka thelathini. Kwa miaka ishirini na sita alitoa maini elfu kumi na moja na ushei, yote yameandikwa kwenye madaftari kwa mwandiko wake, na jioni alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, lakini watoto wake bado walikuwa wakiijua harufu ile kabla hajafika mlangoni.

Hesabu hiyo aliileta nyumbani, na hapa ndipo alipotuagiza tusimpake sukari. Akikasirika alikuwa akihesabu mpaka kumi na mbili, na mtoto aliyekosa alipewa muda huo wa kutoweka, ikifika kumi na mbili ukiwa bado uko mbele yake, umejitakia. Watoto wa nyumba ile walijua kuruka dirisha kabla ya kujua kusoma. Tarehe 7 Oktoba 1990, siku ya Jumapili, kifungua mimba wake hakuruka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alisimama katikati ya chumba, akamtazama baba yake usoni mpaka hesabu ikaisha, na mzee, ambaye labda hakujua afanye nini na mkono uliokwisha kunyanyuka, alimpiga kwa mpini wa ufagio, mfupa wa mkono ukalia, kila mtu chumbani aliusikia. Mama yao alichukua kiti cha cherehani akamvunjia mzee mgongoni, kisha akambeba mtoto kwenda hospitali kwa miguu. Tangu siku hiyo marehemu hakumpiga tena mtoto wala mke. Alipiga kuta, milango, meza, na baiskeli yake mwenyewe, kuta za nyumba ile bado zina mashimo ya ngumi, na mengine yamefunikwa na kalenda.

Tarehe 14 Juni 2005 aligundulika ana kisukari, akapewa vidonge, akavimeza bila maneno. Alistaafu tarehe 30 Machi 2007, kwa sherehe ndogo ambayo Mama Panya alimkabidhi ile ndoo yake ya kwanza ikiwa imesafishwa, akawa anaihifadhia miavuli. Mwezi Septemba mwaka 2010 vidonge vilishindwa, na daktari wa kliniki akamwandikia sindano za insulini. Hapo marehemu alisimama, akamwambia daktari, "Kijana, dawa hiyo nimewachoma panya kwa miaka ishirini na sita, nimeyaona maini yao. Usinifundishe." Akatoka, na mlango ukatoka kwenye bawaba.

Kosa hili, ndugu zetu, mtu mwingine yeyote asingeweza kulifanya. Mgonjwa wa kawaida anaogopa sindano kwa sababu inauma, au kwa sababu jirani amesema hivi na vile, lakini marehemu aliiogopa kwa sababu ya ujuzi wake. Alikuwa amewaona panya walioharibiwa makongosho yao kwa dawa, waliokuwa wamekonda, maini yao mekundu na safi, jeni za mafuta zimelala fofofo, na alikuwa amewaona wenzao, waliochomwa insulini, jinsi zile jeni zilivyoamka ndani ya saa chache na maini yao yakaanza kupauka. Aliyaona hayo kwa macho na kuyapima kwa dole gumba. Akahitimisha kwamba insulini ni sumu ya ini, na kwa kuwa aliogopa kufa kwa ini kuliko kwa kitu kingine chochote, tangu ile pembe, alikataa kwa miaka mitatu na miezi minane.

Nyumba iligeuka uwanja wa vita. Mkewe alinunua dawa akaificha nyuma ya mboga, mzee akaigundua, na siku ya Jumapili, tarehe 11 Novemba 2012, alichukua shoka lake la zamani la machinjioni akalipasua jokofu zima, mlango, rafu, na mashine yake ya nyuma, mpaka gesi ikatoka ikilia kama nyoka na vichupa vikawa vumbi la kioo kwenye maziwa yaliyomwagika. Muuguzi wa mtaa aliyekuja kuzungumza naye alitoka mbio na kiatu kimoja. Mama alikunja nguo zake, akajitwika cherehani, akamwambia, "Mume wangu, sikuolewa na mchinjaji ili nije kumwona anajichinja," akaenda kukaa kwa dada yake. Aliyebaki ni binti wa mwisho, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na asiyependa makelele, akawa anampikia, anampima, na kuandika namba za sukari kwenye daftari la shule ambazo mzee hakutaka kuziona.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 kidonda kidogo cha kiatu kilianza kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kikawa cheusi, kikapanda. Alikivumilia mpaka chumba kizima kikanuka machinjio. Tarehe 6 Mei 2014 mguu ulikatwa chini ya goti, na alipozinduka alimuuliza daktari kazi ilichukua muda gani, akaambiwa saa moja na nusu, akasema, "Umechelewa." Watu wa wodi walicheka, yeye akageukia ukuta. Na bado, akiwa na kipande cha mguu kimefungwa bandeji, aliipiga teke sinia ya sindano kwa ule mguu uliobaki.

Binti yake hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Alichofanya ni kupanda gari mpaka maabara, akasimama getini kuanzia asubuhi mpaka saa nane akiona aibu kuuliza, ndipo Mama Panya alipotoka mwenyewe na kumtambua kwa paji la uso la baba yake. Tarehe 19 Mei 2014 Mama Panya alikuja wodini, akavuta kiti, akakaa upande wa kulia, penye sikio.

"Sekunde, niambie," alisema. "Wale panya wenye sukari, ambao hukuwachoma insulini. Maini yao yalikuwaje?"

"Safi," mzee akajibu. "Safi kabisa. Wewe mwenyewe uliyaandika."

"Niliyaandika. Na wale ambao hatukuwachinja siku ile, tuliowaacha kwenye kasha bila sindano. Walikaa muda gani?"

Mzee akavuta shuka mpaka kifuani.

"Nakuuliza wewe kwa sababu mimi sikuwa nawabeba. Uliwapeleka wapi?"

"Tanuri la mizoga," akasema.

"Wangapi?"

"Wote."

Mama Panya akamweleza kile ambacho meza ya chuma haikumfundisha, kwamba katika kisukari cha ukubwani ini linaziba sikio moja, amri ya kuacha sukari halisikii, lakini amri ya kupika mafuta linaitii vilevile kama zamani, kwa hiyo mwili unabaki na ubaya wa pande zote mbili, na kwamba kukataa insulini hakuliponyi sikio lile, kunaacha tu sukari iteketeze mishipa, macho, figo na miguu. Ini safi ndani ya mzoga, alisema, halimsaidii mwenye ini. Marehemu alijipapasa kwa dole gumba chini ya mbavu za kulia. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Kumbe ini langu ni mimi mtupu. Likiambiwa acha, kiziwi. Likiambiwa ongeza, hilo linakimbia." Halafu akalia, mtu ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona akilia, alilia akipiga godoro kwa ngumi, na hakuna aliyemzuia.

Sindano ya kwanza alichomwa asubuhi ya tarehe 20 Mei 2014 na binti yake wa mwisho. Binti alikuwa akiishusha sindano na kuiinua tena, mzee akamwambia, "Hesabu mpaka kumi na mbili, halafu choma, mimi sitaruka dirisha." Binti akahesabu. Wakaendelea hivyo kila siku kwa miaka saba, na mama wa nyumba, aliposikia kwamba nyumbani kuna hesabu ya namna mpya, alirudi mwezi wa Julai akiwa na cherehani kichwani na jokofu jipya likisukumwa na majirani.

Miaka saba hiyo ilikuwa ya nyongeza, na aliitumia. Alifundisha wagonjwa wa kliniki kujichoma, kwa matusi lakini kwa usahihi. Alimwomba mwanawe mkubwa msamaha mwaka 2016, kwa njia yake, alimpelekea kipande cha chuma akamwomba amtengenezee gongo la kutembelea, na lilipokwisha akaushika ule mkono uliowahi kuvunjika, akaupapasa kwa dole gumba mahali mfupa ulipounga, akasema, "Nilikosa," akaondoka. Mwanawe amesema hakuhitaji neno la pili.

Lakini ini lilikuwa limeshaumia kwa miaka mingi ya nyuma. Tumbo lilianza kujaa maji Novemba 2020, na tarehe 15 Januari 2021 daktari alimwambia kwamba ini limekuwa na makovu na limeota uvimbe usioondoka. Hakuvunja kitu. Aliuliza tu likipapaswa kwa mkono likoje, daktari akasema ni gumu, naye mzee akasema, "Basi hata halikimezi kidole."

Ile siku ya tarehe 20 Agosti, baada ya lile la sukari, aliomba kadi na kalamu, akaandika kwa mwandiko uleule wa madaftari kwamba akikata roho ini lake likatwe na kupelekwa maabara haraka iwezekanavyo, kwa sababu kule wana maini ya panya ya kujaza chumba, lakini ya mtu aliyekataa dawa na kisha akaikubali, na aliyeandikiwa sukari yake kila siku na binti yake, hawana hata moja. Kadi akampa binti huyo. Na alisema maneno haya, ambayo familia imeombwa kuyasoma kama yalivyo: "Nimetoa maini elfu kumi na moja, hakuna hata moja lililotoka kwa ruhusa ya mwenyewe. Moja litoke kwa hiari."

Marehemu alikata roho siku ya Ijumaa, tarehe 3 Septemba 2021, saa nne na dakika kumi asubuhi. Baba mdogo alikuwa mlangoni. Alikuwa ameisikia habari ya kadi, naye alisema wazi kwamba ndugu yake hatoki pale kwenda mezani, "Sisi ndio tunaokata, hatukatwi," akasimama ameziba mlango wa wodi kwa lile gongo la chuma, mtu wa miaka sitini na sita mwenye mabega ya machinjioni, na muuguzi aliyejaribu kupitisha kitanda alipigwa gongo la bega. Kioo cha mlango kilivunjika. Kitanda kilikwama katikati, marehemu akiwa juu yake chini ya shuka, na kila dakika iliyopita ilikuwa ikiharibu kile alichokitoa. Binti, mtoto wake akiwa mgongoni, alikuwa ameinyoosha kadi mbele ya baba mdogo, naye hakuitazama. Ndipo kifungua mimba, yule ambaye kama kuna mtu alikuwa na haki ya kusema mwili huu usiheshimiwe ni yeye, aliingia katikati, akapokea gongo moja la uso, akamkumbatia baba yake mdogo kwa nguvu, wakaanguka wote wawili juu ya vioo, akamshikilia pale chini, damu ikiwatoka wote, akimwambia sikioni, "Baba mdogo, aliandika mwenyewe. Baba mdogo, aliandika mwenyewe." Binti akamshusha mtoto, akamkabidhi kwa mfanyakazi wa usafi, akausukuma ule mlango kwa mgongo, kitanda kikapita.

Daktari alikuwa tayari, na kijana wa Mama Panya alikuwa ameshika ndoo. Walimwambia binti asubiri nje, akatikisa kichwa. Tangu pumzi ya mwisho mpaka kisu ilikuwa dakika thelathini na nane. Mkono wa daktari ulipolifikia ini, binti alianza kuhesabu kwa sauti, yeye ambaye hata darasani alikuwa akijibu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, na watu waliokuwa nje kwenye korido walimsikia. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilizama na kufoka kwenye kumi na moja. Marehemu angesema mmechelewa, lakini angekiandika.

Kipande hicho kitasema nini, familia haijui, na maabara wamesema itachukua miezi. Aliyeruhusu ni mwenye ini. Baba mdogo ameomba isomwe kwamba bado hajakubaliana na jambo hili, ila jana yeye ndiye aliyemwosha kaka yake, ameuona mshono, na aliyeshona ameshona vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyeumia bega, ambaye amekuja leo mkono ukiwa umefungwa. Tunawashukuru majirani kwa kuvumilia kelele za nyumba hii kwa miaka arobaini na mitano na kwa kulisukuma lile jokofu. Tunawashukuru wenzake wa machinjio na wa maabara, na Mama Panya aliyejua akae upande gani. Marehemu aliagiza pia washukuriwe wale elfu kumi na moja, ambao hawakuweza kuja.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na ndoo moja ya miavuli.

Pumzika kwa amani, Mzee Sekunde, huko uendako hakuna anayehesabu.